Siku Tatu na Deni

Magesa alichukua suti yake ya vipande vitatu
akaniachia boksi la sabuni, ndani mna kitu kinahema.
"Pesa baadaye, fundi. Kwa sasa shika huyu."
Nikamwita Deni.
Igogo nzima ikacheka,
na mpaka leo nikisimama mlangoni kuita, "Deni! Deni wee!"
kuna wanaume wawili huko bondeni hubadili njia.

Jumanne mawingu yalipanda kutoka ziwani,
meusi kama masizi ya kibatari.
Upepo ukatangulia, ukapindua karai,
ukanyofoa bati moja kwa jirani,
kisha mvua: si ya kunyesha, ya kumwagwa.
Maji yakashuka katikati ya mawe, yakaruka ngazi zetu
kwa haraka ya kurudi yalikotoka.
Umeme ukakatika kabla ya radi ya pili.

Mama mkwe wangu, Nyanzala, ana sheria moja:
mbwa na matope hubaki nje.
Lakini radi ilipolipiga jiwe la juu
Deni aliingia bila hodi, tumbo chini, mkia kaufyata,
akajibanza chini ya cherehani,
akatetemeka na pedeli yake
mpaka sindano ikashona hewa.
Bibi akatazama ukuta.
"Mvua ikikatika, anatoka."
Mvua haikukatika.

Sasa jaribu wewe kukaa na mbwa wa mwaka mmoja
katika vyumba viwili, wateja hawaji,
gauni la bi harusi linaning'inia ukutani, jeupe pe.
Saa ya kwanza alilala.
Saa ya pili alikula futikamba yangu,
kuanzia sentimita moja hadi arobaini na moja.
Saa ya tatu alikaa kitako, akalitazama lile gauni
kama mtu anayeuliza bei.

Ndipo mwanangu Kabula, ambaye jina lake lenyewe ni la mvua,
akaleta vikombe vitatu vya plastiki na konzi ya dagaa.
Akavifudikiza sakafuni. Dagaa mmoja chini ya cha bluu.
Akavizungusha, akavizungusha.
"Tafuta."
Loo, ile pua!
Ikapita cha kijani, ikapita chekundu,
ikarudi, ikapiga chafya,
ikagonga cha bluu: ko.
Dagaa hakutafunwa. Alitoweka.

Tukaendelea.
Dagaa ndani ya soksi, soksi ndani ya kopo, kopo chini ya ndoo.
Dagaa ndani ya mabaki ya kitenge cha kipaimara:
nikafunga mafundo saba, akafungua sita kwa meno,
la saba akanirudishia mapajani
kama mteja: hapa umekosea, fundi.
Kati ya mchezo na mchezo radi ilipiga,
masikio yake yakalala, jicho likanitafuta,
nami nikasema, "Tafuta,"
na radi ikawa ya watu wengine.

Jumatano hivyo hivyo.
Alhamisi dagaa wa mboga wamebaki wa kuhesabu.
Usiku, napinda gauni kwa kibatari,
nikasikia sauti ya chinichini kule chumbani kwa Bibi:
"Si huko. Mume wangu naye alikuwa hivyo hivyo,
kitu kiko mbele yake, yeye anahangaika.
Huku, kwenye pindo. Ee-eh. Mwizi mkubwa wewe."
Nikachungulia.
Lile fundo la kanga anamotunza pesa zake,
fundo ambalo hata mwanawe hagusi,
limelowa mate.
Nikarudi kwenye sindano yangu. Sikuona kitu.

Ijumaa jua lilitoka kana kwamba halikuhusika.
Mijusi wakapanda mawe kuanika mikia,
ziwa lina rangi ya chai ya maziwa.
Bibi akafagia manyoya, akatangaza
kwamba sheria ni ile ile.

Saa nne akapita Magesa, suti imemkaa
(nilimshonea mimi, lazima imkae),
noti mkononi, anamtaka mbwa wake.
"Dawa ya deni kulipa, fundi," akatabasamu.

Kabla sijafungua mdomo, Bibi akajibu kutoka ndani:
"Hilo hatukudai."

Kisha nikasikia kikombe sakafuni: ko.